Fumbo la Jiwe: Jinsi ya Kusoma Sanamu na Nembo za Jumba la Mji, Ukianzia Hapa Amu

Mtoto wa kaka yangu ni baharia. Juzi meli yao ilifunga Amsterdam, kule Uholanzi, wakapewa siku moja ya kushuka, sasa yeye badala ya kwenda madukani na wenzake akaenda kuzunguka mjini na simu yake, na usiku nikapata picha karibu thelathini kwa WhatsApp, zote za jumba moja kubwa la mawe lenye watu wa kuchongwa kila mahali, juu ya paa, ukutani, juu ya milango. Mwisho kaweka sauti: "Ami, wewe ndiye watembeza wageni kila siku, hebu nambia, hawa watu wafanya nini huku juu? Na huyu mwanamke wa katikati mbona kila mtu amletea vitu?"

Swali zuri sana hilo. Nilimjibu kwa sauti kama kumi na mbili, nyingine ndefu mpaka bando likaisha, halafu nikaona bora niyaandike kabisa, manake si yeye peke yake, kuna vijana wetu wengi wako melini, kuna wanaosoma nje, na kuna hawa wanaoanza kazi ya kutembeza wageni hapa Amu, yaani Lamu, na Malindi ambao wakiulizwa "hii alama maana yake nini" wanatunga tu jibu. Kusoma jiwe kunafundishika, hakuna uchawi hapo.

Jambo la kwanza ujue ni kwamba zile sanamu haziko pale kwa urembo. Ni mafumbo. Na sisi watu wa pwani fumbo tunalijua toka utotoni, mama anavaa kanga yenye jina fulani anapita mbele ya nyumba ya jirani, hajafungua mdomo, na jirani ameshasikia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Majumba ya baraza la mji kule Ulaya yanafanya vivyo hivyo, mji unataka kusema "sisi ni matajiri, tuna haki, tuna amani, bahari ni yetu" lakini hausemi kwa maneno, unamchonga mwanamke, unamtia mzani mkononi, unamweka juu ya mlango. Tofauti ni moja tu, sisi kwa sababu ya dini yetu hatukuchonga watu, fumbo letu tukalitia kwenye majani, maua, nyota na maandishi. Ndio maana mtu wetu akifika kule anaona watu uchi wa mawe anageuza uso anapita. Usipite. Simama usome.

Jizoeze nyumbani kwanza

Kabla hujaenda mbali, chukua mlango mmoja wa nakshi hapa mtaani Mkomani. Piga hodi kwanza kama ni nyumba ya watu, usiwe mtu wa kuinua simu tu. Halafu usitazame mlango mzima kwa pamoja, utachanganyikiwa. Tazama kizingiti cha juu, hapo ndipo neno kubwa linapokaa, aya au tarehe. Kisha teremka kwenye miimo ya pembeni, kisha mfaa, ule ubao unaosimama katikati baina ya mbawa mbili. Kila sehemu ina daraja yake, na fundi alijua jicho la mgeni litaanzia wapi akiwa amekaa pale dakani kwenye baraza anangojea kufunguliwa.

Ukikuta mwaka wa Hijria kwenye kizingiti, fanya hesabu hii ya haraka: zidisha kwa 0.97 halafu ongeza 622. Yaani 1300 inakupa 1261, ukiongeza 622 ni 1883, inaweza kukosea mwaka mmoja hivi lakini kwa kazi yetu inatosha. Na angalia tarakimu vizuri, manake tano ya Kiarabu ni kiduara na sifuri ni nukta, nimeona watu wanasoma tano kama sifuri na nyumba inazeeka nusu karne bila sababu. Kama nakshi imelika na huoni kitu, washa taa ya simu uishike ubavuni, ielekee upande si mbele, kivuli kitaingia kwenye mistari na maandishi yatatoka yenyewe. Hii mbinu kaa nayo, utaitumia kila mahali, jiwe au mbao. Usipake makaa wala chaki, unaharibu mali ya watu.

Kisha nenda makumbusho pale barazani usimame mbele ya siwa, lile baragumu kubwa la kupuliza. Ziko mbili, ya Pate ni ya pembe ya ndovu na inapita mita 2 kwa urefu, ya Amu ni ya shaba. Ukisikia neno nembo ya mji wengi wanafikiria picha kwenye barua ya serikali, lakini siwa ndiyo nembo yetu ya zamani, tofauti ni kwamba hii ilisikika. Ilipigwa kwenye harusi za waungwana na shughuli kubwa za mji, na mji wenye siwa ulikuwa mji wenye heshima yake. Mimi nikisimama na wageni pale huwaambia wasiangalie kwanza uzuri wa nakshi, waangalie urefu. Jiulize mtu mmoja angeipuliza vipi peke yake bila wenzake kumshikia. Hilo lenyewe ni somo, kitu kikubwa kuliko mtu mmoja ni kitu cha mji.

Na ukitoka hapo tembea gatini utazame majahazi, mengine yana lile jicho la mbao la duara kwenye omo, yaani mbele ya chombo, kila upande moja, lenye nyota au mwezi ndani. Chombo kinaona njia. Ukishaelewa jicho la jahazi umeshaelewa nusu ya sanamu za Ulaya, nakwambia kweli, manake ni kitu kile kile, alama ndogo imebeba sala kubwa.

Zoezi la mwisho la nyumbani ni nembo ya taifa letu la Kenya, unayo kwenye pasipoti. Simba wawili wameshika mikuki, katikati ngao, kwenye ngao kuna jogoo ameshika shoka, chini kuna mlima Kenya na mazao, kahawa, pareto, katani, chai, mahindi, mananasi, na utepe umeandikwa Harambee. Watu wengi wameiona maisha yao yote na hawajawahi kuona lile shoka. Hebu itazame sai. Jogoo maana yake alfajiri mpya, na pia alikuwa alama ya KANU, chama kilichoshika nchi 1963, kwa hivyo hapo una maana mbili zimekaa kwenye ndege mmoja na zote za kweli. Ukikutana na nembo popote usiridhike na maana moja.

Sasa lile jumba la Amsterdam

Nilimwambia kijana, kabla ya kuuliza huyu ni nani, uliza mwaka. Jumba lile leo ni kasri la kifalme, liko uwanja wa Dam, lakini lilijengwa kuwa jumba la baraza la mji, likageuzwa kasri 1808 na Louis, ndugu yake Napoleon wa Ufaransa, aliyeletwa kuwa mfalme wao. Jiwe la msingi liliwekwa 1648. Na 1648 ndio mwaka Waholanzi walipomaliza vita vyao vya miaka 80 na Uhispania. Ukishalijua hilo, tazama juu kabisa ya paa upande wa mbele, kuna mwanamke wa shaba ameshika tawi la mzeituni. Ni Amani. Huhitaji mtu kukwambia, mwaka umekwambia. Pembeni yake wamesimama Busara na Haki, maana yake mji unasema amani yetu haikuja hivi hivi, ina walinzi wawili.

Hiyo ndiyo kanuni kubwa: kilichowekwa juu kabisa ndicho mji unachojivunia zaidi. Anza juu kama ulivyoanza na kizingiti.

Halafu shuka kwenye ile pembetatu kubwa ya ukuta chini ya paa. Kwenye majumba haya pembetatu ile ndiyo uwanja wa hadithi yenyewe, na ukiisoma usianze kushoto kwenda kulia kama kitabu, anza katikati. Mtu mkubwa kuliko wote yuko katikati kwa sababu hapo ndipo dari ni refu, na wengine wote wanazidi kuinama au kulala kadiri wanavyokwenda pembeni, kwa umbo lenyewe la pembetatu. Kwa hivyo swali lako ni moja: wote wanamgeukia nani? Pale Amsterdam upande wa mbele wanamgeukia binti wa mji, yaani mji wenyewe umefanywa mwanamke, na viumbe wa baharini wote wanamjia kumpa heshima pamoja na Neptune, mungu wa bahari wa Warumi wa kale. Bahari inasujudia mji. Mtu wa Amu anaweza kuelewa kiburi hicho vizuri sana.

Upande wa nyuma sasa, na hapa ndipo kijana wangu alipouliza mbona kila mtu amletea vitu. Binti yule yule yuko katikati tena, miguuni kwake imechongwa mito yao miwili, IJ na Amstel, kama wazee, na kutoka pembeni zinakuja pande nne za dunia, Ulaya, Asia, Afrika na Marekani, kila mmoja na mali yake, zinamletea. Nilimwambia kijana, simama hapo muda mrefu. Afrika imo kwenye jiwe lile, lakini imechongwa ikija na mizigo. Hakuna mahali amechongwa mfanyabiashara akilipa. Jiwe halikusudii kukudanganya kila neno, biashara ilikuwepo kweli, lakini linasimulia kwa mdomo wa aliyelilipia fundi. Ukisoma sanamu yoyote ya mji uliza aliyepiga magoti angesema nini kama na yeye angepewa patasi. Mimi kwa maoni yangu hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na ndilo watu wanalolisahau kwa sababu mchongo ni mzuri na macho yanashiba haraka.

Juu ya pembetatu hiyo kuna Atlas, jitu la hadithi za Wagiriki, amebeba mpira wa dunia mabegani, na juu ya kuba kuna kishale cha upepo chenye umbo la jahazi la kizamani la kwao, alama ya mji toka zamani. Kijana hakulipiga picha, lilikuwa dogo sana huku chini. Kwa hiyo ushauri mwingine, beba darubini ndogo kama unayo, au piga picha ya mbali halafu uivute ukifika chumbani, vitu vidogo vya juu kabisa havisomeki kwa macho matupu ukiwa chini.

Mikono, kichwa, miguu

Watu wa mawe hawana majina vifuani. Jina liko mkononi. Hii ni lugha iliyokubaliwa baina ya mafundi kwa mamia ya miaka, hata kulikuwa na kitabu cha kuwaelekeza, cha Mtaliano Cesare Ripa, kilichotoka Roma 1593, fundi akiambiwa tuchongee Kiasi, yaani kujizuia, au Ujasiri anafungua anaona amvalishe nini. Wewe huhitaji kitabu kizima, jifunze vichache hivi vinavyorudi kila mji.

Mzani na upanga ni Haki. Wengine wamemfunga kitambaa machoni, wengine hawakumfunga, yule wa juu ya mahakama ya Old Bailey kule London yuko macho wazi, kwa hiyo usimtafute kwa kitambaa, mtafute kwa mzani. Kioo na nyoka ni Busara, kioo kwa sababu mwenye busara anajitazama kwanza. Mwanamke anayemimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine ni Kiasi. Aliyeegemea nguzo ni Ujasiri, au useme Nguvu. Nanga ni Tumaini, na hii mtu wa bahari haitaki kuelezwa. Pembe kubwa iliyojaa matunda yanamwagika ni Neema au wingi wa mali. Mzinga wa nyuki ni kazi na bidii. Taji lenye umbo la kuta na minara ya ngome, likiwa kichwani kwa mwanamke, basi yule ni mji wenyewe. Mzee mwenye ndevu amelala kaegemea mtungi unaomwaga maji, huyo ni mto.

Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi: fimbo yenye nyoka. Kama ni nyoka wawili wamejizungusha na juu kuna mbawa, hiyo ni fimbo ya Mercury, mjumbe wa miungu ya Warumi, alama ya biashara na ujumbe. Kama nyoka ni mmoja na hakuna mbawa, hiyo ni ya tiba. Hesabu nyoka kabla hujafungua mdomo.

Miguu watu hawaiangalii kabisa na ndiyo yenye utamu. Ndani ya jumba lile la Amsterdam, kwenye ule ukumbi mkubwa wa raia ambao sakafu yake ya marumaru ina ramani za dunia kiasi kwamba raia alitembea juu ya bara na bahari, kuna Haki amekaa na chini ya miguu yake amekanyaga watu wawili. Mmoja ni mfalme Midas wa hadithi za Wagiriki, mwenye masikio ya punda, huyo ni Tamaa ya mali, mwingine ni Husuda. Ukiangalia uso wa Haki peke yake utaona mwanamke mzuri ametulia. Ukiangalia miguu utaona ameshinda vita.

Uliza chumba hiki kilikuwa cha kazi gani

Sanamu ya nje inasema na dunia nzima, ya ndani inasema na mtu mmoja aliyeitwa humo. Kwenye chumba cha hukumu pale Amsterdam, ambapo watu walihukumiwa kifo, kumechongwa Nabii Suleiman akihukumu wale wanawake wawili na mtoto, hadithi tunayoijua sote, na wanawake wa mawe wanaobeba ukuta wengine wamefunika nyuso kwa mikono yao. Mtuhumiwa alisimama mbele ya hayo.

Lakini ninaoupenda mimi kuliko yote ni mlango mdogo wa chumba cha waliofilisika. Mfanyabiashara akishindwa kulipa madeni aliingia hapo. Juu ya mlango wamemchonga Icarus, yule kijana wa hadithi za Wagiriki aliyejitia mbawa za nta akaruka karibu na jua, nta ikayeyuka akaanguka. Na kwenye shada la mapambo lililo pale, ambalo kwa mbali unaona maua na matunda ya kawaida tu, ukisogea karibu unaona panya. Panya wanazunguka sanduku la pesa tupu, wanatafuna karatasi za madeni. Kijana wangu aliipiga picha hiyo bila kujua, nikamwambia ivute, ivute tena, kona ya chini, akakaa kimya kidogo halafu akaniletea sauti ya kucheka na "subhanallah". Fundi alijua kwamba yule anayengoja mlangoni kuitwa atakuwa na muda mwingi wa kutazama. Ndio yale yale ya daka na kizingiti.

Nembo, hii ni kazi nyingine

Ngao ya mji usiisome kama sanamu. Sanamu ya fumbo inafuata lugha ya wote, mzani ni mzani kila mahali, lakini ngao inafuata hadithi ya mji ule peke yake, usipoijua hadithi huwezi kukisia. Mfano mzuri ni Glasgow, Uskoti, jumba lao la baraza lilifunguliwa 1888. Ngao yao ina mti, ndege, kengele na samaki mwenye pete mdomoni. Ukisoma kwa akili ya kawaida utasema aa, mji wa wavuvi. Kumbe vyote vinne vinatoka kwenye hadithi za mtakatifu wao Mungo. Ile ya samaki inasema malkia alimpa askari pete ya mumewe, mfalme akaigundua akaitupa mtoni kwa siri kisha akamdai mkewe pete, mke akamwendea Mungo analia, Mungo akatuma mtu akavue, samaki wa kwanza akapasuliwa na pete imo tumboni. Hadithi kama hiyo bibi yangu angeisimulia Langoni na hakuna angeuliza imetoka Uskoti.

Kwa hiyo kwenye ngao kazi yako ni kuuliza wenyeji hadithi, si kukisia. Na uangalie nini kimeongezwa baadaye. Amsterdam ngao yao ina misalaba mitatu ya kulala, juu ikaja taji la kaizari kwa sababu Maximilian, mtawala aliyekuja kuwa kaizari, aliwapa ruhusa 1489 ya kuweka taji. Taji lile ni kama muhuri wa mkubwa kwenye barua yako.

Tazama pia anaangalia wapi

Hii ni fupi. Mbele ya jumba la mji wa Bremen, Ujerumani, kuna sanamu ya Roland, askari shujaa wa hadithi za kale, ya mwaka 1404, mita 5 na nusu hivi, ameshika upanga. Uso wake umeelekea kanisa kuu, kwa askofu. Wafanyabiashara walikuwa wanamwambia askofu mji huu ni wetu. Ukimpiga picha peke yake bila kanisa umepoteza sentensi nzima. Na kule Philadelphia, Marekani, juu ya jumba lao lenye sanamu zaidi ya 250 za fundi Alexander Milne Calder, yuko William Penn, mwanzilishi wa mji ule, wa shaba wa mita 11 anatazama kaskazini mashariki, kuelekea mahali anapokumbukwa kwa mapatano yake na wenyeji wa asili. Fuata macho ya sanamu, tembea kule yanakoangalia.

Ya Malindi

Sasa rudi kwetu ujaribu peke yako. Nenda Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, pale kwenye rasi ya mawe kusini ya mji. Nenda asubuhi, jua linatoka baharini na linapiga jiwe kwa ubavu. Kwanza tenga vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: ule mnara mweupe wenye ncha ni wa 1873, waliujenga Waingereza kuulinda msalaba. Msalaba wa juu ndio wa Wareno, jiwe lake la chokaa lilitoka Lisbon. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akapokewa vizuri manake mfalme wa Malindi alikuwa hapatani na Mombasa na alitaka rafiki mwenye mizinga, akawapa na rubani wa kuwavusha kwenda India. Msalaba wa mwanzo ulisimama karibu na nyumba ya mfalme, baadaye ukahamishwa.

Pitisha maswali yako. Mwaka gani, nani alilipia, ameshika nini, anaangalia wapi, nani hayupo. Ngao ya Ureno ina ngao ndogo tano zimepangwa kama msalaba na kila moja ina nukta tano, chumvi imeila sana ile iliyoko pale lakini jiwe lenyewe liko. Linaangalia bahari. Halikusimamishwa liwaambie watu wa Malindi kitu, lilisimamishwa liwaambie wazungu wengine wanaopita na meli, hapa tumeshafika sisi. Kwa mfalme wa Malindi ilikuwa alama ya urafiki. Jiwe moja, wasomaji wawili, na kila mmoja alisoma lake.

Na mji huo huo wa Malindi uliwahi kutoa nembo bila kuchonga chochote. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, kwa mfalme Yongle. Wachina wakamtazama wakasema huyu ni qilin, mnyama wao wa baraka anayeonekana zama za mtawala mwema tu. Sisi tulituma mnyama, wao wakapokea fumbo. Huwa nawasimulia wanafunzi hilo nikitaka waelewe kwamba maana haikai kwenye kitu peke yake.

Onyo moja kwa wanaofanya kazi kama yangu

Miaka ya mwanzo nilikuwa nawaambia wageni kwamba mnyororo uliochongwa pembeni ya mlango maana yake nyumba ile iliuza watumwa. Nilisikia kwa wenzangu nikalibeba. Siku moja mzee mmoja fundi wa nakshi alikuwa amekaa barazani ananisikiliza, akaningoja wageni walipotangulia, akaniita, "Baba, hilo nani kakwambia?" Sikuwa na jibu. Akanishika mkono akanionyesha mnyororo ule ule umezunguka mlango wote bila kukatika, akasema tazama, haukumfunga mtu, umeufunga mlango, ni kinga. Sijui hata leo kama fundi wa kwanza alikusudia vile alivyosema mzee, lakini toka siku ile huwa nasema "wengine husema hivi, mafundi husema hivi", na naonyesha mnyororo unapopita. Mgeni anaheshimu zaidi jibu hilo. Kuuzwa kwa watu kulikuwepo pwani hii, ni historia nzito inayostahili ushahidi wake yenyewe, si kubandikwa juu ya kila nakshi ili mgeni ashtuke.

Kwa hivyo kwenye daftari lako weka mistari miwili kwa kila alama. Wa kwanza andika unachokiona tu: mwanamke, kioo, nyoka, mguu wa kushoto mbele. Wa pili ndio uandike maana, na umeipata kwa nani. Usichanganye.

Kijana sai yuko njiani kwenda Hamburg, anasema huko pia wana jumba kubwa la mji. Nimemwambia asinitumie picha thelathini safari hii, anitumie tatu: ya juu kabisa, ya mlango, na ya miguu.